Mwalimu Marcella na Kompyuta Iliyokataa Kifuniko

Haya yalitokea Roret mwaka wa tisini na tano. Hapana, ngoja kidogo. Tisini na tano yule mtoto wa Marcella, Caren, alikuwa bado anabebwa mgongoni, na wakati wa mambo haya alikuwa ameshatembea na anafukuzwa kutwa asishike nyaya. Basi ni tisini na sita, tena mwezi wa saba, kwa maana baridi ya mwezi wa saba ndiyo iliyoleta ukweli.

Marcella Amolo alikuwa mwalimu wa taipu. Watu wake ni wa kule ziwani, lakini yeye alizaliwa huku huku kwenye majani chai, katika nyumba za laini za wafanyakazi wa shamba moja kubwa, baba yake akiwa mtu wa kuchochea boila kiwandani. Alikua pamoja na watoto wa Kipsigis, yeye akinywa mursik, yale maziwa ya kibuyuni, kwao na wao wakila omena kwake, mpaka alipopelekwa Kisumu kujifunza taipu, wasichana wa kule wakamcheka wakisema Kijaluo chake kinanuka majani chai. Alirudi na cheti chake, akaolewa na Kepher, karani wa kupima majani, na kanisa la Roret likampa chumba kimoja cha mabati nyuma ya jengo la ibada. Humo alifundisha wasichana wa wakulima kupiga taipu. Mtu akipita nje darasa likiwa limeshika moto, angedhani mvua ya mawe inapiga mabati, aangalie juu, aone jua.

Wasichana wake walipata kazi. Huyu alienda kwa wakili Kericho, yule ofisi ya shule, mwingine kwenye kiwanda cha chai. Marcella hakuwa mtu wa kujisifu, lakini ukimtajia ofisi yoyote kuanzia Kaplong hadi Boito, alikuwa akikwambia nani ameketi pale mbele na alikuwa anakosea herufi gani akiwa mwanafunzi.

Halafu mambo yakabadilika ghafla. Msichana wake mwepesi kuliko wote, Sally, aliitwa kiwandani kwa mahojiano ya kazi. Alienda asubuhi na sketi iliyopigwa pasi, akarudi saa sita macho mekundu.

"Walinionyesha kitu kama televisheni, Mwalimu," Sally alisema. "Wakaniambia, andika barua. Nikazunguka, nikatafuta mahali pa kuingizia karatasi."

Wenzake waliangua kicheko. Marcella hakucheka. Aliona mara moja kilichokuwa kinakuja: kama darasa lake halina kile kitu, wasichana wote watarudi na macho kama ya Sally, na mwaka mmoja au miwili baadaye chumba cha mabati kitakuwa ghala la mahindi.

Akaanza kuomba. Aliomba kwa Mungu na aliomba kwa kamati, na kusema kweli kamati ndiyo iliyochelewa kusikia. Mwishowe marafiki wa kanisa walioko ng'ambo walituma kompyuta moja iliyokwisha kutumika, na printa yake. Ofisi kubwa ya kanisa kule Kaplong ilitaka ibaki kwao. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Isaiah, mkulima wa chai mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akaamua hivi: mashine iende Roret, lakini siku ikishindwa kufanya kazi, irudi Kaplong ambako kuna mtu wa kuiangalia. Marcella alikubali pale pale. Angekubali hata kuibeba kichwani.

Ilikuwa sanduku kubwa la rangi ya maziwa yaliyolala, nyuma yake kuna tundu la mviringo lenye wavu, na ndani ya wavu kuna feni ndogo isiyozidi kiganja. Marcella aliipokea jinsi watu wetu wanavyopokea kitu cha heshima. Aliifumia kitambaa cha krosheti, cheupe chenye maua ya waridi pembeni, kikafunika sanduku na kuning'inia pande zote. Kwa sababu ya vumbi la barabara, lile jekundu linaloingia hata ndani ya yai, alibandika karatasi ya plastiki kwenye vitundu vya mbele. Na meza akaisukuma mpaka ukutani, watoto wasipite nyuma. Hakuna aliyeona kosa. Redio za watu zilivaa hivyo, na televisheni ya Mzee Isaiah ilivaa zaidi.

Kwa miezi mingi mashine ilifanya kazi. Asubuhi za baridi wasichana walikuwa wakiivuta meza kidogo, wanapenya nyuma na kushikilia vidole vyao kwenye lile tundu, maana palitoka hewa ya vuguvugu, na vidole vilivyokufa ganzi haviandiki. Marcella alikuwa akiwafukuza. "Hii ni kompyuta, si jiko la makaa!" Lakini alipobaki peke yake, alipasha vyake pia.

Kisha feni ikaanza kulia. Kwanza ilikoroma, halafu ikasaga kama kinu cha posho kilichoingiwa na jiwe, na siku moja ikanyamaza kabisa. Marcella alizima mashine haraka akamwita Kiptum.

Kiptum alikuwa jirani yake, mtu wa kiwandani, kazi yake iko kwenye chumba cha kunyaushia majani. Mtu asiyejua chai hajui kwamba majani yakitoka shambani hulazwa kwanza kwenye vitanda virefu vya wavu, na chini ya kila kitanda feni kubwa husukuma upepo, majani yakalegea kabla ya kusagwa. Kiptum alizijua feni hizo kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Alikuwa anaweza kusimama mlangoni akasema ipi inaumwa. Hii ndogo alipoishika mkononi alicheka.

"Mama Caren, hii ni mtoto wa zile zetu."

"Basi mtibu huyo mtoto."

"Huyu amekufa. Tutatafuta mwingine."

Alienda mjini Kericho kwa fundi wa redio, akapata feni ya ukubwa ule ule. Akasema mashine ikae bila kuchomekwa mpaka siku ya pili, kwa kuwa lile boksi la stima la ndani, ambamo feni imefungwa, hubaki na umeme wake hata ukishazima, na umeme huo hausalimii mtu. Siku ya pili alifungua, akatoa ile mfu, akaweka mpya, skrubu nne, akafunga. Kabla hajafunga alimwuliza Marcella, "Iangalie wapi?"

"Kwani feni si ni ya kupoza? Ipulize ndani, ndani ndiko kuna moto."

"Ndiyo hivyo hata mimi najua," Kiptum alisema. "Kazi ya feni ni kusukuma upepo ndani."

Wakaiwasha. Feni ikazunguka kimya, tamu kabisa. Wakapeana mikono. Kiptum akapewa chai na mandazi, akaenda zake akiimba.

Wasichana walikaa, wakaanza kuandika. Kabla kipindi hakijafika nusu, kioo kikaganda. Herufi hazisogei, kibodi hakiitikii, kila kitu kimetulia kama picha. Wakazima, wakangoja, wakawasha, ikaendelea kidogo, ikaganda tena. Marcella aliweka kiganja juu ya sanduku, akakitoa haraka. Chuma kilikuwa moto kama sufuria.

Kiptum alirudi kesho yake. Alilizunguka sanduku kama mchinjaji anayezunguka fahali.

"Ni hiki kitambaa," alisema. "Mashine inavaa sweta."

"Kitambaa changu?"

"Chako. Mtoto akiwa na homa, unamvisha sweta?"

Marcella alikitoa, akakikunja polepole, moyo ukimwuma kidogo, kwa kuwa ile kazi ya waridi ilikuwa imemla macho. Mashine ikavumilia kuliko jana, kisha ikaganda. Wakaisogeza meza mbali na ukuta. Ikavumilia tena kidogo, ikaganda. Chelimo, msichana mrefu aliyekaa karibu na dirisha, akasema labda feni ni mbovu. Kiptum alikasirika. "Hebu sikiliza hiyo sauti. Feni mbovu inaimba hivyo?" Na ni kweli ilikuwa inazunguka vizuri.

Ndipo Marcella alipopata wazo la kutoa kifuniko. Waliondoa skrubu, wakavua lile bati zima, mashine ikabaki uchi, matumbo yote nje. Wakaiwasha. Iliandika asubuhi yote bila kuganda hata mara moja. Sasa angalau walijua jambo moja: mashine haikuwa mgonjwa wa kitu kingine, ilikuwa inaungua tu. Ukiivisha kifuniko inakataa, ukiivua inakubali.

"Basi iwe hivyo," Kiptum alisema. "Kuna watu wanaolala bila blanketi."

Lakini vumbi la Roret halikuwa na huruma. Lilitua juu ya vile vipande vya kijani vya ndani kama unga, chaki nayo ikaongeza lake. Marcella alifuta kwa brashi ya rangi, anafuta linatua. Mchana jua likiwa kali mabatini hata uchi haukutosha, ikabidi msichana mmoja asimame apepete kwa ungo wa kupepetea wimbi wakati wenzake wanaandika. Walipokezana. Walifanya mzaha kwamba wanaopepeta wapewe cheti chao.

Na siku moja, Chelimo akiwa na ungo mkononi, Mzee Isaiah akaingia.

Alisimama mlangoni. Aliangalia mashine iliyopasuliwa, akaangalia ungo, akamwangalia Chelimo aliyeendelea kupepeta kwa sababu hakuambiwa aache.

"Chamgei," alisalimu.

"Chamgei mising, Mzee," darasa likaitikia.

"Mwalimu. Hii ni mashine ama ni mgonjwa?"

"Ni mashine, Mzee. Inapata joto kidogo tu."

"Mimi naona mgonjwa, na hawa ndio wauguzi." Hakusema kwa ubaya. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakamfika kifuani. "Binti yangu, tulikubaliana nini?"

"Ikishindwa kufanya kazi irudi Kaplong."

"Sasa hii imeshindwa ama haijashindwa? Usinijibu kama mwalimu. Nijibu kama mtu wa kanisa."

Marcella aliweka brashi mezani. Alikuwa hajui kusema uongo. Mdomo wake haukuwa na mahali pa kuuweka.

"Ikifungwa kama walivyoifunga walioitengeneza, haifanyi," alisema. "Lakini Mzee, nipe mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Kamati yote ije. Mkiikuta imefungwa na inafanya kazi, ibaki. Mkikuta ungo, mchukue."

Mzee Isaiah alifikiri. "Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja na gari," alisema, akavaa kofia yake. Mlangoni aligeuka akamwambia Chelimo, "Na wewe pumzika mkono, mtoto. Umepepeta mpaka mimi nasikia baridi."

Alipotoka wasichana walimwangalia mwalimu wao. Wote walijua. Gari likiondoka na ile mashine, watabaki na taipureta na kile kicheko cha watu wa ofisini.

Wiki ilianza vibaya. Kiptum alileta mafuta ya cherehani akalainisha feni ambayo haikuwa na shida. Marcella alivumilia. Kepher mume wake alimwambia nyumbani, "Sasa hiyo kompyuta inakula na sisi mezani," kwa kuwa hata akisonga ugali alikuwa akiongea juu ya upepo. Usingizi haukumkataa, la. Alilala, lakini aliota anapepeta.

Alhamisi kukacha na baridi ile ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha, majani chai hayaonekani hata yale ya ng'ambo ya ua. Marcella alikuwa amerudisha kifuniko ili ajaribu tena kwa mara ya kumi na ngapi sijui. Chelimo aliingia akipuliza vidole, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya meza, kama zamani, akaweka mikono kwenye lile tundu. Akakaa. Akakunja uso.

"Mwalimu, hii feni mpya ni mchoyo."

"Mchoyo wa nini tena?"

"Haitupashi mikono. Ile ya zamani ilikuwa inatupumulia. Hii hata inaninyang'anya joto langu."

Darasa likacheka. Marcella naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkwama njiani. Aliacha chaki. Alikwenda nyuma ya meza, akamwondoa Chelimo taratibu kwa mabega, akaweka kiganja chake mwenyewe kwenye wavu. Baridi. Feni inazunguka kwa nguvu, na kiganja ni baridi. Alirarua ukanda wa karatasi nyembamba, ile ya nakala, akaushika kwa ncha na kuusogeza kwenye tundu. Ukanda haukupeperuka kumjia. Uliruka ukaenda kunata kwenye wavu, tap, ukang'ang'ania pale kama umepakwa gundi.

"Inavuta," alisema. Halafu akapaza sauti. "Jamani, inavuta! Sally, kimbia ukamwite Kiptum! Mwambie hata kama anakula, aje na kijiko mkononi!"

Kiptum alikuwa zamu ya usiku wiki hiyo, kwa hiyo alikuja akiwa na usingizi, shati limefungwa vifungo kombo. Marcella alimwonyesha ukanda wa karatasi. Kiptum akautazama.

"Si vizuri? Inavuta upepo wa nje inasukuma ndani. Ndiyo tulivyosema."

"Ndiyo tulivyosema. Na ile ya kwanza ilikuwa inatoa upepo wa ndani inausukuma nje. Hawa wasichana walikuwa wanapashia mikono hapa, ndugu yangu. Hewa moto ilikuwa inatoka hapa."

"Mama Caren, mimi nimekaa na feni miaka yangu yote. Feni husukuma ndani. Chini ya majani, kwenda juu."

"Sawa. Ule upepo ukishapita kwenye majani, unakwenda wapi?"

"Unapanda. Unatokea madirishani, kwenye paa."

"Na mkifunga madirisha?"

Kiptum aliinua kichwa akaangalia mabati. Alikumbuka. Kila mtu wa kiwandani anakumbuka. Madirisha ya chumba kile yakifungwa, ule upepo hauna pa kwenda, chumba kinakuwa bafu la mvuke, majani yanageuka mekundu pale pale kitandani yakinuka kama yamechemshwa, na msimamizi anapanda ngazi akitukana kwa lugha zote anazozijua.

"Yanaiva," Kiptum alisema polepole.

"Basi hili sanduku lina paa, halina dirisha. Vitundu vya mbele nimeviziba mimi mwenyewe na plastiki yangu, kwa mikono yangu. Tunausukuma upepo ndani, tena unapitia kwanza kwenye boksi la stima unachukua moto wake, unamwagikia ubongo wa mashine, hauna pa kutokea. Tumeipika, Kiptum. Mimi na wewe, tumeipika kama majani."

Kiptum alikaa chini sakafuni. Alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa viatu vya miguu tofauti tangu asubuhi, na akacheka mpaka akashika mbavu. "Na mimi nimeitia mafuta!" alisema. "Nimeitia mafuta ipike vizuri!"

Walichomoa mashine, wakaiacha ikae mpaka kesho yake. Ijumaa Kiptum alifungua lile boksi, akatoa feni, akaigeuza uso. Ubavuni mwake, pale alipokuwa ameshika kwa dole gumba siku ya kwanza, palikuwa na mshale mdogo uliochongwa kwenye plastiki kuonyesha upepo unakoelekea. Alimwonyesha Marcella. Marcella naye alibandua ile plastiki ya mbele, akachukua brashi akatoa vumbi lote pembe kwa pembe, wasichana wamemzunguka na taulo mbichi wasilipe nafasi ya kurudi. Kwa ajili ya vumbi jipya, aliamua sakafu imwagiwe maji kidogo kila asubuhi kabla ya kufagia, na mashine ivae kitambaa wakati imelala tu. Wakarudisha kifuniko. Skrubu zote. Kiptum alikaza ya mwisho kama mtu anayefunga lango la ng'ombe wote wakiwa ndani.

Waliwasha. Chelimo alikuwa wa kwanza nyuma ya meza.

"Imerudi!" alipiga kelele. "Mwalimu, imetupumulia!"

Waliandika mchana wote. Hakuna aliyeshika ungo. Lakini Marcella hakusherehekea, alisema kesho ndiyo kesho.

Jumamosi kamati ilifika kwa pikapu, wazee watano na Mzee Isaiah mbele. Na nyuma ya pikapu, jambo ambalo lilimkata Marcella maini alipoliona, palikuwa na godoro. Godoro zima la sufi lenye mistari ya bluu, limetandikwa vizuri na kamba pembeni. Walikuwa wamelileta ili kompyuta isitikisike kwenye mashimo ya barabara ya Kaplong. Hawakuwa wamekuja kuangalia. Walikuwa wamekuja kuchukua.

"Karibuni," Marcella alisema. "Kaeni. Chai iko."

Wazee walikaa kwenye mabenchi. Sally aliketi mbele ya kibodi, mgongo wima kama anayepigwa picha, akaanza kuandika utaratibu wa ibada ya shukrani ya mavuno. Mashine ilikuwa imefungwa kifuniko. Mzee mmoja alinong'ona, na kunong'ona kwa wazee husikika mpaka barabarani, "Ngojeni tu. Nimesikia huwa inakufa katikati."

Chai ikamiminwa. Sally akaandika. Ile saa ambayo mashine ilikuwa ikiganda zamani ikafika, na kila msichana aliijua, maana wote waliacha kupumua kwa pamoja. Herufi zikaendelea kutembea kwenye kioo. Ikapita. Vikombe vikajazwa mara ya pili. Sally akaandika nyimbo, akaandika zaburi, akafika kwenye matangazo. Jua likatoka kwenye mawingu likapiga mabati, chumba kikapata joto, Marcella akahisi jasho shingoni. Herufi zikatembea. Sally akabonyeza, printa ikashtuka, ikaanza kukwaruza, karatasi ikatoka polepole yenye mashimo pembeni, maneno yamepangwa mstari kwa mstari, safi kuliko taipureta yoyote iliyowahi kugongwa Roret.

Mzee Isaiah aliinuka. Hakuiangalia karatasi. Alizunguka meza akainama nyuma ya sanduku, akatafuta ungo chini, hakuuona. Akaweka kiganja kwenye tundu. Akakiacha pale. Akaongeza cha pili.

"Haiya," alisema. "Kumbe inapumua."

"Inapumua, Mzee," Marcella alisema.

"Mlikuwa mmeinyima pumzi?"

"Tulikuwa tunaipumulia puani, Mzee. Mimi na Kiptum."

Wazee walicheka mpaka chai ikamwagika. Kiptum, aliyesimama mlangoni, alicheka kuliko wote. Mzee Isaiah aliendelea kusimama pale nyuma, mikono kwenye hewa ya vuguvugu, hana haraka ya kutoka.

"Hii mashine iko kwao hapa hapa," alisema, na ile sauti yake ya kuita ng'ombe ikatoka yote. "Kaplong watafute yao. Wasichana wangu wa Roret wataandika hapa mpaka wachoke!"

"Kongoi, Mzee! Kongoi mising!" wasichana walishukuru kwa pamoja.

Sally alisimama kutoka kwenye kiti, akakaa tena, akasimama. Chelimo alimkumbatia Marcella kwa nguvu hadi kilemba kikaanguka, na hakuna aliyekiokota kwa muda mrefu. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, darasa zima likapokea, wazee wakaongeza besi, na watu waliokuwa sokoni wakaja kuchungulia wakidhani ni harusi. Marcella alisimama katikati akipiga makofi, anacheka, machozi yanateremka, hayafuti.

Sally alienda kiwandani mwaka uliofuata, akaketishwa mbele ya kile kitu kama televisheni, akaandika barua yao. Walimchukua. Chelimo alienda Boito, ofisi ya shule. Kila mmoja aliyepata kazi alirudi siku moja kumsalimu mwalimu, akapita nyuma ya meza kupasha mikono hata kama jua linawaka. Ile mashine iliandika mpaka ikazeeka kwa heshima, ikabadilishwa na nyingine, na ya tatu baada yake, na kwa kila moja Marcella alikuwa wa kwanza kuinama nyuma na ukanda wa karatasi.

Ila siku ile, katika furaha, pikapu liliondoka tupu. Walilishusha lile godoro ili wasichana wakae juu yake wakipigwa picha, wakalisahau. Marcella aliliweka pembeni akingoja mwenyewe aje kulichukua. Mzee Isaiah aliulizwa, akasema si lake, alilikuta kwenye gari. Dereva akasema alilikuta Kaplong. Watu wa Kaplong wakasema wao hawajapoteza godoro. Lilikaa pale chumbani miaka, wageni wa kanisa wakililalia, nami mwenyewe nimelilalia mara mbili nikipita Roret, na ni godoro zuri, sufi yake haijakunjamana. Nimewauliza watu njia nzima, kuanzia Kaplong mpaka Boito: jamani, lile godoro ni la nani?